Vumbi la Ulezi

Jumamosi tulijazana dukani hapa Sumbawanga kusikiliza mpira kwenye redio ya betri. Kabla ya mchezo, mtangazaji akasimulia habari ya mwalimu wa timu aliyekuwa akiwacharaza vijana wake kwa mkanda. Katikati ya habari sauti ikamkatika, akalia.

"Mwanamume mzima analia redioni!" akacheka beki mmoja wa timu ya Kasense, pande la mtu. "Atutangazie mpira, bwana!"

Mwenye duka akamtazama. "Mwanao si anachezea timu ya shule?"

"Anacheza, mzee."

"Na mkanda huo ungekuwa mgongoni kwake?"

Beki akavua kofia, akajifuta macho kwayo. "Ulezi wenu huu una vumbi," akasema, akinyooshea kidole gunia lililoshonwa mdomo.

Hatukumbishia. Wengi wetu vumbi hilohilo lilikuwa limekwisha kutuingia.