Sauti Ilirudi, Sikumwambia Mke Wangu

Admin, jina langu kaa nalo wewe, maana Handeni hii tunafahamiana hadi mbuzi. Nina miaka sabini na mbili, na mke wangu hajaisikia sauti yangu tangu mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa.

Ngoma yetu ilipasuka kwenye lori la kuhamia. Na mgeni akija kijijini lazima apokewe kwa ngoma, basi nikawa naipiga kwa mdomo: ndu, ti, ndu-ndu, ti. Vijana wa leo mnaita bitiboksi, mimi niliita shida. Wageni hawakwisha, walikuja kututazama kama ndama mwenye miguu mitano. Wakifika napiga, wakiondoka napiga, katikati nafukuza nyani shambani kwa kelele. Siku moja nikafungua mdomo, ukatoka upepo mtupu.

Mganga wa zahanati akasema koo limechoka, ninyamaze wiki tatu, hata kunong'ona nisinong'one. Nikamwandikia mwenyekiti kikaratasi kwamba vumbi la shambani linanikwaruza. Akanihurumia, akaniweka kivulini nilinde ghala. Ila kipande changu cha shamba la kijiji kilibaki pale pale. Mke wangu akakilima pamoja na chake, mimba ya mtoto wetu wa kwanza ikiwa imeshaonekana.

Wiki ya tatu sauti ilirudi. Niliijaribu peke yangu ghalani, ikaitika vizuri kabisa. Nikaifunga tena. Nikajiambia nitamweleza tukimaliza palizi, halafu baada ya mavuno. Alilima misimu mitatu. Jioni ananichemshia tangawizi kwa mikono yenye malengelenge, nami nanong'ona asante.

Shamba la kijiji lilikufa, mnong'ono ukabaki. Ningeuachaje bila kuulizwa? Watoto sita wamekua wakijua baba yao hana sauti. Nikiwa peke yangu malishoni naongea na mbuzi kama diwani.

Sasa masikio ya mke wangu yamekuwa mazito. Juzi alinitazama midomo weee, akachoka, akasema, "Baba Mwanaidi, usijilaumu. Wewe koo ulilitoa kwa kijiji, mimi huu ni uzee tu. Ila natamani ningekusikia japo mara moja kabla hayajaziba kabisa."

Nikipaza sauti atanisikia. Atasikia na ile misimu mitatu.

Nishaurini ndugu zangu, na msikawie, maana masikio hayatungoji: nimwite kwa jina lake, au ninyamaze hadi asisikie tena?