Ndigana Baridi

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mweusi mwenye kiraka cheupe ubavuni. Alimlea tangu akiwa ndama, na mwaka huo alikuwa na mimba ya pili. Wengine waliuzwa mmoja mmoja ili sisi tusome. Mimi niliyesomeshwa na hao waliouzwa nafundisha shule ya msingi mjini Mbulu, na likizo ikifika narudi nyumbani Tumati kumsaidia mama kuvuna maharage.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mama aliniita zizini. Ng'ombe alikuwa ameinamisha kichwa, majani hakuyagusa. Mama alimpapasa nyuma ya masikio, akashuka hadi mbele ya bega, akataja ugonjwa kwa Kiiraqw. Jina lile nilikuwa nikilisikia utotoni, ila Kiswahili chake sikukijua, na yeye pia hakukijua.

"Kuna uvimbe hapa, shika," akasema.

Nilishika harakaharaka, nikatoa simu.

Kwanza niliandika jina alilolitaja mama, nikaongeza neno Iraqw. Simu ikaniuliza kama nilimaanisha Iraq, na bila kungoja jibu ikaniletea habari za ufugaji wa huko. Nilicheka. Mama hakucheka, alikuwa anamtazama ng'ombe wake.

Nikafuta, nikaandika kwa Kiswahili kwamba ng'ombe anatetemeka, anasikia baridi. Ni kweli alikuwa anatetemeka. Lakini mwezi wa sita huku kwetu kila chenye uhai kinatetemeka asubuhi, hata mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili. Hilo sikulifikiria. Ule uvimbe wala sikuuandika. Nilipoanza kuandika neno "ndigana", kwa kuwa ndilo jina la ugonjwa wa ng'ombe nililolikumbuka, simu ilinimalizia yenyewe: ndigana baridi. Nikaona imenielewa.

Ukurasa uliotokea juu kabisa ulikuwa na picha nzuri, dalili, na dawa moja iliyosemwa inatibu ndigana zote. Chini yake palikuwa na namba ya muuzaji wa dawa hiyohiyo. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa nne. Zote zilisema vilevile, hata kosa lilikuwa moja, neno "homa" limeandikwa "homa". Mimi nasahihisha madaftari kila siku ya Mungu, na mtoto wa darasa la nne akinakili kwa mwenzake namkamata kwa kosa la namna hiyohiyo. Siku hiyo niliziona homa nne zimepangana, nikajiambia kwamba nina mashahidi wanne.

"Ni ndigana baridi," nikamwambia mama.

"Na huu uvimbe?"

"Simu haijasema uvimbe."

"Haya. Wewe ndiye mwalimu."

Nilimtuma mtu wa bodaboda dukani kufuata dawa, na jirani anayejua kuchoma sindano akamchoma ng'ombe. Mchana alikula majani kidogo, nikafurahi kupita kiasi. Nikarudi kwenye simu kuuliza ndigana baridi hupona baada ya siku ngapi. Kuanzia hapo nikawa sioni kingine. Nikiifungua naletewa ndigana baridi, video za watu waliotumia dawa ile, ng'ombe waliosimama, wafugaji wanaoshukuru. Hakuna hata sehemu moja iliyoniuliza kama nina hakika. Nilivyozidi kuuliza ndivyo ilivyozidi kukubaliana nami, na mimi, sitaficha, ni mtu nisiyependa kubishiwa.

Siku ya pili mama aliuliza kama tumwite afisa mifugo. Nikamwambia tuipe dawa muda. Nilimjibu kwa sauti ninayotumia darasani, nayo si sauti ya kumjibia mzazi.

Siku ya tatu ng'ombe alikuwa anahema kwa shida, povu linatoka puani. Nikapiga simu. Afisa mifugo alifika kwa pikipiki akitokea upande wa Maretadu, binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu, buti zimejaa matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakuuliza neno lingine. Aliweka mkono nyuma ya sikio, akashuka hadi mbele ya bega, palepale alipopita mama.

"Hii mitoki ilianza kuvimba lini?"

"Siku ya kwanza," mama akasema.

Binti akanigeukia mimi. "Mwalimu, hii ni ndigana kali. Mmemchoma dawa ya ile nyingine."

Nikamwonyesha ukurasa. Hata hakuushika. Alisema anaujua, amekutana nao kwenye maboma mengi. "Unakaa juu kwa sababu watu wengi wanaufungua. Siyo kwamba kuna daktari ameupitia. Na dawa ya kutibu ndigana zote haipo." Akanieleza kwamba zote mbili huletwa na kupe, lakini ni magonjwa tofauti, na hilo baridi la kwenye jina halina uhusiano na ubaridi wa Tumati. Ndigana kali ina dawa yake, ila inataka kuwahiwa siku za mwanzo. Alimchoma hivyohivyo, akakataa chai, akaondoka.

Kesho yake mchana ng'ombe alikufa, na ndama tumboni.

Mama hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu. Waliokuja kumpa pole aliwaambia ni bahati mbaya, ugonjwa ulikuja kwa nguvu, na simu yangu hakuitaja. Niliona aibu sana. Kwanza niliikasirikia simu, nikatafuta mahali pa kuandika kwamba ukurasa ule umetuulia ng'ombe, nikapata mahali pa kuagizia dawa tu. Hasira ile ilipoisha nikabaki mimi. Simu haikumwona ng'ombe wala haikumshika. Mimi nilimshika.

Likizo iliyofuata jirani alikuja kumwita mama, ndama wake alikuwa hanyonyi. Zamani mama angekuwa wa kwanza kufika, huku anauliza maswali njiani. Safari hii alivaa shuka taratibu, nami nikamfuata. Tulipofika alisimama mlangoni mwa zizi, mikono ameificha ndani ya shuka.

"Mama, hebu mpapase kidogo," jirani akasema.

"Mpigie afisa mifugo. Mimi magonjwa siyajui."

Ulikuwa ushauri mzuri. Afisa alikuja, ndama akapona, na jirani akamsifu mama kwa kutomchelewesha. Ila mimi nilikuwa nimesimama karibu naye pale mlangoni. Kabla hajasema hivyo alikuwa amemtazama ndama mara moja tu na kuutaja ugonjwa kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, ili mimi nisisikie.