Mwanamke Aliyegeuza Uso

Mama yangu hakumjua mama yake. Bibi alifariki Mama akiwa bado hajaota meno, na waliomlea hawakuwa watu wa kusimulia habari za marehemu. Kwa hiyo mdogo wake Babu alipofariki, na sanduku lake la bati likafunguliwa mbele ya ukoo, Mama hakutaka shuka wala jembe. Alitaka picha moja tu iliyokuwa chini kabisa, imefungwa ndani ya kitambaa; ilisemekana Bibi yumo. Alikuja nayo kwake Mjimwema, akaitundika sebuleni.

Katika picha hiyo, mzee amekaa kwenye kiti, fimbo magotini. Huyo tulimjua: ni baba yake Babu. Nyuma yake wamesimama wanawake watatu. Wawili wanatazama mbele. Wa tatu yuko pembeni kabisa, ametupa mgongo nusu, na kitambaa cha kichwani amekivuta mpaka kikafunika shavu. Tulikuwa tukisema huyo ndiye aliyeharibu picha. Kaka yangu alidai kwamba alikuwa anafukuza nzi.

Mama alimchagua wa katikati kuwa ndiye mama yake, mrefu, mwenye paji pana la uso kama la kwake. Sote tukakubali. Kwa miaka kadhaa, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, Mama alimsalimia mwanamke yule kwa Kibena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili.

Mwaka jana tuliamua kulijengea kaburi la Bibi huko Lupembe. Fundi wa marumaru alisema angeweza kuweka na picha ya marehemu, tumletee tu. Nilimshauri Mama twende kwanza Makambako kwa shangazi yake, dada wa Babu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watu wa umri ule. Picha hiyo hakuwahi kuiona. Alikwisha kuolewa na kuhamia huko zamani, na miguu yake haikumruhusu tena kuja kwetu. Sikuwa na shaka yoyote. Niliona tu kwamba kabla ya kuweka kitu juu ya kaburi, ni vizuri kumuuliza aliye hai.

Tulimkuta nyuma ya nyumba, akiota jua na kupukuchua maharage. Malori yalikuwa yakinguruma barabarani.

"Kamwene, shangazi," Mama alisema.

"Kamwene, mwanangu. Mmeniletea chai ya Lupembe au mmekuja mikono mitupu?"

Tulimpa chai yake, kisha picha. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaweka kidole juu ya yule wa katikati.

"Na huyu mnasema ni nani?"

"Ndiye mama, shangazi. Tunataka kumweka kaburini."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni mimi! Mnanijengea kaburi, na ugali bado naula?"

Tulicheka wote. Nilipaswa kujiuliza mapema: paji lile ni la ukoo wa Babu, basi dada yake angelikosaje? Ukitafuta sura unayoitamani, utaipata popote. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea picha ya wazee wake, humwambia asianze na sura. Aangalie kwanza nani amekaa, nani amesimama, nani amejitenga na nani. Inachukua muda, lakini inawezekana kuwatambua.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Sasa mama ni yupi?"

Kidole kikasogea mpaka pembeni. "Mama yako huyu hapa."

Akatueleza taratibu. Zamani, katika nyumba yao, mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni. Akikutana naye njiani, aliingia kwenye majani na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Siku ya picha, mzee alitaka watu wote wa nyumba yake wawepo, na mke wa mwanawe hakuweza kukataa. "Alikuja, akasimama. Lakini kukodoa macho karibu na baba, hapana. Mpiga picha alimpigia kelele atazame mbele. Ndiyo kwanza akavuta kitambaa."

"Iko nyingine?"

"Hakuna, mwanangu. Ni hiyo tu."

Mama aliikunja mikono yake mapajani. Miaka yote ile alikuwa akiamkia uso wa shangazi yake, na uso alioutaka haukuwapo popote duniani.

Siku hiyohiyo tulipita studio, karibu na stendi. Dada wa pale aliikuza picha kwenye kompyuta na kutikisa kichwa.

"Mama, huyu haonekani. Chukua huyu wa katikati, ni mzuri."

"Huyo mzuri bado anapukuchua maharage."

"Basi nikutengenezee uso. Siku hizi kompyuta inaweza. Nachukua wako, naupunguza miaka."

Nilijua Mama anautaka. Alikuwa ameinama kuelekea kwenye kioo cha kompyuta, midomo imeachana kidogo.

"Utakuwa uso wake?" aliuliza.

"Utafanana."

"Hapana," akasema hatimaye. "Mtoe hivyohivyo, na kitambaa chake."

Marumaru ilipowekwa Lupembe, wajukuu wa Mama walisimama mbele ya kaburi na kuuliza kwa nini bibi huyu hatutazami. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa. Watu walipoanza kurudi kwenye chakula, Mama hakuja. Nilimwona amezunguka kaburi, amesimama kwenye majani marefu, upande ule ambao uso wa Bibi ulielekea.