Nimemwita Mama Aline mwizi kwa sababu ya sita

Leo nimemtukana mama wa watu mbele ya bantu bote.

Mi natoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nikafika mjini, Area 36, nimechelewa. Kulikuwa na shindano la mchezo wa vita ya mezani, ile ya askari wadogo wa udongo. Mpinzani wangu alikuwa Mama Aline, mjane wa Burundi, mpole kabisa.

Akarusha dadu. Sita! Akatoa askari wangu mmoja, akaokota dadu arushe tena.

Nikamshika mkono.

"We mama, unaiba! Sita inaua wawili, halafu zamu inaisha!"

Watu wakageuka kutuangalia.

"Mwanangu, sheria imebadilika," akasema polepole. "Sasa sita inaua mmoja, unarusha tena. Walieleza asubuhi, we hukuwepo."

Mwamuzi akaja, akasema njo hivyo.

Sasa sikieni aibu yenyewe. Mi nilikuwa nimeshapata sita mara mbili, na kila mara nimemtolea askari wawili. Yeye akanyamaza tu!

"Mbona hukusema?"

"Sikutaka kukuaibisha mbele ya wenzako."

Ee ndugu zangu! Nikamrudishia askari wake wawili waliozidi, nikaomba msamaha kwa sauti ile ile niliyomtukania.

"Haya, rusha," akasema.

Nilirusha bila kumwangalia usoni. Nyinyi mungeweza kumwangalia?