Mponda Kokoto na Jiwe Linalotikisika

Ukishapita Mombo ukielekea Moshi, karibu na kuingia kwetu Mkumbara, upande wa milimani utaona malundo ya kokoto na vibanda vya maturubai. Kimoja ni cha jirani yangu Hosiana. Alianza kuponda mawe alipofiwa na mumewe, Elisha, wakati binti yao Glory bado ananyonya, na ni kokoto hizo zilizomsomesha Glory mpaka akawa muuguzi. Vidole vya Hosiana vimepinda, na juu ya jicho la kushoto ana kovu la kipande cha jiwe kilichomrukia. Hata hivyo ni mtu wa kucheka. Ukipita pale kwake bila kusimama, atakuita.

Glory alipangiwa zahanati ya kisiwa kidogo huko Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Ukerewe. Huko akampata Denis, mwalimu wa shule ya msingi. Harusi ilifungwa Korogwe, tukala na kucheza pale Kilole kwa mjomba wake Glory, lakini mama yake Denis, Emiliana, alikuwa amelazwa na hakuweza kusafiri. Kwa hiyo wakwe hao wawili walijuana kwa simu tu. Salamu, habari za mvua, kisha kila mmoja anatafuta namna ya kuaga.

Mwaka jana Glory akajifungua mtoto wa kike, akamwomba mama yake aende kumkanda. Hosiana akafunga safari na kiroba cha maharage na mapeasi ya kutoka Lushoto. Maji mengi kuliko ya Mto Pangani alikuwa hajayaona. Kwenye meli alikaa katikati kabisa, akakishika kiroba kama vile ndicho kitakachomwokoa.

"Nilikuwa naogopa maji," aliniambia aliporudi, "lakini nilikuwa namwogopa zaidi mkwe wangu."

Emiliana alimpokea ufukweni, mwanamke mrefu, mweusi, amevaa kitenge kipya. Wote wawili wakasema "Shikamoo, mkwe" kwa pamoja. Kisha wakaitikia "Marahaba" kwa pamoja. Denis akachukua kiroba, wakapanda kwenda nyumbani.

Siku za mwanzo zilikuwa nzito. Hosiana akichemsha maji ya kumkanda mzazi, anakuta Emiliana ameshachemsha. Emiliana akimbeba mtoto, Hosiana anasogea kuangalia shingo ya mtoto imeshikwaje. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja alikuwa mgeni kwa mwingine, basi.

Jumapili moja, baada ya ibada, Emiliana akamwambia, "Mkwe, Glory ameshapata nguvu. Twende nikuonyeshe jiwe letu."

"Jiwe?" Hosiana akauliza. "Nimesafiri siku mbili kuja kuona jiwe?"

Akaenda kwa adabu tu. Walipita mashamba ya mihogo, wakapanda kilima cha majabali, na pale juu akaliona. Lilikuwa jiwe kubwa kama chumba, limekaa juu ya mwamba kwa ncha ndogo tu, kama chungu kilichotegwa kwenye figa moja. Ungedhani upepo ungeliangusha. Chini yake kulikuwa na nafasi ya kondoo kulala, na kweli walikuwapo kondoo wamelala.

Hosiana akalizunguka taratibu. Akaligonga kwa kidole, akatega sikio, akaligonga tena kando. Mzee anayelitunza jiwe hilo akasimama kwa wasiwasi.

"Mama, hili halipondwi!"

"Shikamoo, mzee. Nisamehe, mkono umezoea."

Emiliana akaangua kicheko. Hosiana alikuwa hajawahi kumsikia akicheka. Kisha Emiliana akamshika mkono, akauweka pembeni mwa jiwe na kuweka wake kando.

"Tusilisukume kwa nguvu. Sukuma kidogo, achia. Sukuma, achia."

Wakasukuma, wakaachia. Hakuna kitu. Wakarudia, wakarudia tena. Ndipo Hosiana akasikia mguno chini ya miguu yake, na jiwe lile zima likainama kidogo, likarudi, likainama tena. Kondoo hawakujali hata kidogo. Hosiana alipiga yowe, akamkumbatia Emiliana, kilemba kikamwangukia usoni. Wakacheka mpaka wakakaa chini, na mzee naye akacheka, akawaacha.

Walikaa pale muda mrefu, ziwa linang'aa mbele yao.

"Nilidhani utatudharau," Emiliana akasema. "Glory alinionyesha picha za kwenu, milima na barabara ya lami. Nikasema, huyu mama akija ataona tunaishi juu ya mawe."

"Mimi ninaishi kwa mawe, mkwe," Hosiana akajibu, akamwonyesha vidole vyake.

Emiliana akavishika kimoja kimoja. Akauliza kila kimoja kilipondwaje, na Hosiana akamweleza. Akamweleza na habari za Elisha, ambazo hata sisi majirani hutusimulia mara chache. Emiliana naye akamweleza alivyomlea Denis peke yake, baba yake alipokwenda kutafuta dhahabu akaishia huko huko. Waliporudi nyumbani, Glory alishangaa kuwakuta wanagombea sufuria huku wanacheka.

Hosiana alikuwa amepanga kukaa mwezi mmoja. Alikaa miwili na zaidi. Kila Jumapili walipanda kilimani, na mara nyingine hawakulisukuma jiwe, walikaa tu kivulini pake. "Maisha yangu yote nikiona jiwe, naona kokoto," aliniambia. "Lile nililiangalia tu. Nikalipenda."

Sasa amerudi kwenye kibanda chake na anaponda kama kawaida, maana nyumba zinajengwa na watu wanahitaji kokoto. Lakini simu zao na Emiliana zimekuwa ndefu, mpaka sisi tunaopita tunasubiri amalize ndipo tusalimiane.

Desemba Emiliana alikuja. Hosiana alimpandisha Lushoto kwa ndugu zake, na huko baridi ilimshika yule mama wa ziwani hata akaazima sweta, akavaa na la pili juu yake. Nilipopanda kuwasalimia, nilimkuta jikoni amekaa karibu na moto, kikombe cha chai ya tangawizi mikononi, anamwuliza mkwe wake kama huku watu huwa wanaoga.

"Tunaoga," Hosiana akasema. "Mchana."

"Basi nitakaa," Emiliana akajibu, akasogeza kigoda karibu zaidi na moto.