Pembea ya Kiti cha Mutua

Mwanangu, sogea hapa mkekani nikusimulie siku ambayo nikiikumbuka moyo hunienda mbio mpaka leo. Ilikuwa kabla ya uhuru, kwetu Magogoni, siku niliyotimiza miaka saba.

Enzi hizo mtoto wa kwetu hakufanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Alingoja Idi, akavishwa nguo mpya, basi. Lakini mimi nilikuwa nimeugua homa iliyonilaza muda mrefu hospitalini, na ilipoondoka iliniachia mguu wa kushoto dhaifu, nikawa natembea kwa mkongojo. Baba yangu, Athumani, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini, aliweka nadhiri kando ya kitanda changu: Mungu akinifikisha miaka saba, watoto wa mtaa mzima watacheza uani kwetu.

Basi siku ikafika. Baba alikuwa amekusanya mbao za makasha na kamba nene za meli, na jirani yetu Mutua, seremala wa Kikamba aliyehamia pale na mkewe, akaja na msumeno na nyundo. Wallahi, mwanangu, kelele zile zilikuwa tamu masikioni mwangu kuliko taarabu! Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakalaza boriti juu yake, wakaning'iniza pembea kwa zile kamba. Kando yake wakaegemeza ubao mrefu wa kutelezea wenye ngazi ya kuupandia, na mama akausugua kwa machicha ya nazi mpaka ukang'aa. Mimi nilikaa chini na kopo la misumari, nikiwachagulia iliyonyooka. Nyuma ya ua wa makuti niliona macho ya watoto yakichungulia, na kila aliyepita nilimwambia, "Yangu hiyo! Leo alasiri njooni!"

Kazi ilipokwisha baba alijifuta jasho, akaita, "Haya, Mwanaisha, mwenyewe fungua!"

Nikaenda. Pembea ilikuwa ubao mtupu ulioning'inia usawa wa kifua changu. Mtoto mwingine angeudandia kwa kuruka. Ningeruka na mguu gani? Na hata ningepandishwa, ningejizuia vipi nisianguke nyuma? Nikautazama ubao wa kutelezea, ngazi yake vilevile ilikuwa na vidato vilivyoachana mno. Nikamtazama baba, alivyokuwa akitabasamu, nikaona haya kumvunja moyo.

"Sitaki," nikasema. "Wacha wapande wenzangu."

Mama akaelewa, machozi yakamlengalenga. "Basi mwacheni," akasema polepole. "Atakaa na mimi, awatazame."

Nyanya, mamake baba, alikuwa jikoni akikaanga kaimati. Akatoka na mwiko mkononi.

"Mwanaisha!"

"Abee, nyanya."

"Hutaki, au huwezi kupanda?"

Nikachora mchanga kwa ncha ya mkongojo.

"Mdomo wako haukuugua, mjukuu wangu. Mguu ndio uloumwa. Nena!" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, Athumani, toka asubuhi wapima mbao. Mtoto ulimpima saa ngapi?"

Baba akauangalia ule ubao, akaniangalia mimi, uso ukamshuka. Akaja akachutama mbele yangu. "Niambie, mwanangu. Waitaka vipi?"

Nami nikanena. Mwanzo kwa sauti ndogo, halafu maneno yakanitoka kama maji ya mfereji. Nataka ishuke mpaka nikikaa mguu wangu mzuri ufike chini. Nataka mahali pa kuegemea mgongo. Nataka pa kushika. Na kule kwa kutelezea, vidato viwe karibu karibu.

Mutua hakungoja nimalize. Alikimbia kwake, akarudi amebeba kiti chake cha mbao chenye mikono, kile alichokalia kila jioni mlangoni pake. Kabla mkewe hajafika kuuliza kulikoni, miguu ya kiti ilishakatwa!

Hapo wageni wakaanza kubisha hodi. Mama aliwazuia barazani kwa sharubati, akiwaambia, "Ngojeni kidogo, ngojeni kidogo," na huku nyuma baba na Mutua wanafunga kamba, wanapigilia vidato, wanasukumana kwa haraka. Nami nawaamrisha: shusha, pandisha kidogo, hapo hapo!

Nikakaa mwenyewe. Mwenyewe, mwanangu! Baba akanisukuma, upepo ukaniingia kwenye gauni, paa la nyumba likaja likarudi, nikapiga kelele, "Zaidi, baba! Zaidi!" Watoto wakaingia uani kama nyuki. Kila mmoja akataka kupanda kiti kile kile, wakapanga foleni, na mimi ndiye niliyeamua nani afuate. Alasiri ilipokaribia kwisha, nyanya akasimama mbele yangu na kanga yake ameifunga kiunoni. "Nami je? Zamu yangu lini?" Tukampandisha, akabembea akicheka mpaka akashika mbavu.

Basi nakwambia, mwanangu: unapomtengenezea mtu kitu kwa mapenzi, mwite akikalie kabla hujamaliza, umuulize. Na ukiwa wewe ndiye unayetengenezewa, usifiche haja yako kwa kumwonea haya anayekupenda. Mwambie, atafurahi kukusikia. Mola akujaalie watu wa kukuuliza na ulimi wa kuwajibu, na ua wa nyumba yako ujae watoto wanaogombania zamu. Amin.