Mizani Agoma Kungoja

Kwenye kile kiwanda cha mikate hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mizani. Kwa miaka kumi na minne alisimama kwenye meza ile ile ya bati, akikata unga uliokandwa kwa mkono, na kila kipande ukikipima ni gramu mia tano, hakizidi wala hakipungui. Wageni wa kazi walimtega, wakivikimbiza vipande vyake kwenye mzani ili wamuumbue. Waliishia kuchoka wenyewe.

Kwa hiyo alipokuwa na mimba ya miezi mitatu, akaoga na kukuta kitu kigumu ubavuni mwa titi la kushoto, vidole vyake vilijua. Donge la unga ukilibonyeza linapasuka. Hili halikupasuka wala halikusogea. Vidole vilisema kweli, ila mwenyewe hakutaka kuvisikia.

Alimwendea Bibi Hamira, mkandaji mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu hamira yote ya kiwanda ilipita mikononi mwake.

"Hayo ni maziwa yanatafuta njia," Bibi Hamira akamwambia. "Kwani unga ukigoma kuumuka tunaufanyaje?"

Unga ukigoma hufunikwa kitambaa chenye maji ya moto, ukaachwa karibu na tanuri. Basi hawa wawili, watu wazima na akili zao, wakalitibu titi kama unga. Kila mapumziko walijibanza nyuma ya magunia, kitambaa kikachovywa, kikakamuliwa, kikawekwa. Usicheke. Ungekuwa wewe, umeitafuta mimba miaka saba, ungetaka kusikia neno maziwa au lile jingine?

Wiki sita zilipita hivyo. Donge lililokuwa kama punje ya njegere likawa kama yai dogo, na chuchu ikaanza kuvutwa ndani. Ndipo Mizani alipovua aproni mchana kweupe, akaenda hospitali peke yake. Alipimwa, akakatwa kipande kidogo cha nyama ya titi kwa uchunguzi, akaambiwa arudi kwa majibu.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sweta, na hakumung'unya maneno. Ilikuwa saratani. Titi lingetolewa lote, mapema iwezekanavyo. Kisha zingefuata dripu za dawa, kwa kuwa ile miezi mitatu ya mwanzo, viungo vya mtoto vinapojiunda, ilikuwa imekwisha kupita. Mionzi ingengoja ajifungue.

"Na mtoto?" Mizani akauliza.

"Dawa tutachagua zile zinazotumika kwa wajawazito. Yeye tutamwangalia kwa picha kila mara. Siwezi kukuapia, ila wengi huzaliwa salama."

"Nikingoja nijifungue kwanza?"

"Utakuwa umengoja karibu miezi mitano. Na ugonjwa nao utakuwa umepewa miezi mitano."

Nyumbani moto ukawaka. Mama mkwe wake alikuwa mtu mwema, tena sana. Kwa miaka saba amefuma visweta vya mjukuu ambaye hajaja. Sasa mjukuu yuko njiani, wanataka kummwagia sumu.

"Vumilia tu, mwanangu," alimsihi. "Dawa inayonyonyoa nywele za mtu mzima, kitoto itakifanyaje?"

Mumewe, fundi wa mafriji, alikaa katikati yao akizungusha bisibisi mkononi. "Labda tungoje kidogo," akasema, bila kumtazama yeyote.

Hapo Mizani alipandwa na hasira. "Wiki sita nimeshazitoa kwa kitambaa cha moto. Sitoi hata siku nyingine. Mama, mimi namtaka mtoto huyu kuliko nyinyi wote, na ninataka kuwepo nimlee. Mume wangu, kesho twende ukamuulize daktari kwa mdomo wako."

Walienda. Fundi aliuliza maswali kumi na moja, mengine mara mbili, na daktari akayajibu yote. Kisha akaonyeshwa mwanawe kwenye kioo cha mashine ya picha, anarusha miguu kama mtu aliyechoshwa na kikao. Alitoka pale macho mekundu, akasema, "Tuanze." Mama mkwe alikubali shingo upande. Kwa siku kumi hakuzungumza na mkwewe, ingawa kila mchana alimpikia na kumsimamia mpaka sahani iwe nyeupe.

Titi likatolewa. Bibi Hamira alikuja wodini akilia. Mizani akamsogezea kiti. "Tulikosea wawili," akamwambia. "Kaa, unipe umbea wa kiwandani."

Dripu zilikuwa nne, kila baada ya wiki tatu. Sikwambii kichefuchefu. Nywele zilitoka kwa mafungu, midomo ikachubuka, na siku nyingine alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa kushika ukuta. Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Kila baada ya dripu alilala ubavu, mkono tumboni, akingoja teke, na mpaka lije alikuwa hamjibu mtu. Likija alijikaza, akaomba uji.

Wiki ya thelathini na saba alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia kwa sauti ya kugombana. Mama mkwe alihesabu vidole vya mikono na miguu, akahesabu tena, kisha akakaa chini sakafuni pale pale, akalia kwa furaha.

Siku ya tatu titi lililobaki likajaa. Shimizi ililowa mbele. Mtoto alinusa, akageuza kichwa, akaanza kutafuta na kulia, na Mizani alihisi mwili mzima ukivutwa kwake. Lakini dripu nyingine zilikuwa zinamngoja, na daktari alishasema kwamba dawa zile hupita kwenye maziwa. Ilimpasa asinyonyeshe kabisa, maziwa yakauke kabla ya kurudi kwenye dawa.

"Mpe kidogo tu, leo tu," mama mkwe akamnong'oneza. "Aonje maziwa ya mama yake."

Mizani alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Nikimpa leo, mama, kesho nitashindwa kumnyima, na dripu nitaiahirisha. Najijua. Mimi sitaki aje aambiwe alinyonya kwa mama asiyemkumbuka. Nataka anizike mwenyewe, mimi kikongwe, yeye ana mvi."

Mama mkwe aliinuka. Alichukua chupa ya maziwa ya kopo, akadondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kupima moto, akampokea mjukuu. Mtoto alikataa, akakataa tena, kisha akakamata na kuvuta kwa nguvu.

Mizani akageukia ukutani, akalibana titi kwa mikono miwili, akamwita nesi amwambie tarehe ya dripu.